Siki nyeupe kwa nguo zenye uvundo: nilivyoiona mimi

Nauza majaketi na sweta za mtumba. Mzigo nautoa soko la Gikomba, Nairobi, alfajiri, naufulia nyumbani Umoja, kwenye balkoni. Mteja akifungua mfuko akakutana na ile harufu ya robota, nimempoteza, kwa hivyo mambo ya uvundo kwangu ni mambo ya unga.

Katika yote niliyoyajaribu, siki nyeupe ndiyo naisifu. Chupa haifiki shilingi 200 na inapatikana hata kioski cha mtaani. Nguo ikishafuliwa kwa sabuni na kusuuzwa, natia nusu kikombe cha siki kwenye beseni la maji lita 10, naloweka nusu saa, nasuuza tena, nakamua, naanika. Ikiwa mbichi itanukia siki. Ikikauka haisikiki kabisa.

Mama fua anayenisaidia alipoiona mara ya kwanza alishangaa: "Mama, si hii ni ya kutia kwa chipsi?" Tulikuwa na jaketi moja la kodrai, bitana ya kwapani imeshika harufu ya stoo kuukuu. Lilipokauka aliligeuza ndani nje, akaingiza pua palepale kwapani, akanusa, akanusa tena. Siku hizi yeye ndiye huniuliza siki iko wapi.

Mwezi wa Julai ndipo utaijua thamani yake. Jua hakuna, nguo inakaa kambani hadi kesho yake bado ina unyevu, na hapo bakteria wanashamiri. Mwaka 2012 watafiti wa Japani walionyesha kwamba anayesababisha sana uvundo huo ni bakteria aitwaye Moraxella osloensis, na kwamba anastahimili ukavu hata miale ya jua. Ndiyo maana nguo iliyokauka vizuri huanza kunuka tena ikipata jasho kidogo. Asidi ya siki humpunguza, na pia huondoa mabaki ya sabuni yaliyoganda kwenye nyuzi. Vile vilainishi vya nguo vyenye manukato sivipendi: vinaacha utando kwenye kitambaa, taulo linakataa kunyonya maji, na uvundo unabaki chini ya marashi.

Lakini jezi za poliesta zinaishinda. Poliesta hung'ang'ania mafuta ya mwili, na siki haiyatoi. Jezi za vijana wa mpira mimi huziloweka kwenye unga wa kuondoa madoa, ule wa oksijeni usio na klorini, katika maji moto ambayo mkono unavumilia, saa kadhaa, ndipo nazifua. Unga huo usiuguse sufu wala hariri.

Na hili nakuomba ulishike, hasa kama unayefua si wewe: siki na Jik, ile dawa ya klorini ya kung'arisha nguo, visikutane kwenye beseni moja. Vikichanganyika vinatoa gesi ya klorini, na vyumba vyetu vya kufulia ni vidogo, havina dirisha la maana. Mwambie mama fua kabla hajaanza kazi, na chupa hizo mbili ziweke mbalimbali.

Ukienda dukani chukua ile nyeupe isiyo na rangi, maana ya kahawia inaweza kuacha doa. Nguo zenye mpira kiunoni usiziloweke kila wiki, mpira utachoka mapema. Kama unafua nyingi kama mimi, tafuta jerikeni ya lita 5.