Hedi ya kampuni nyingine kwenye injini ya A-series: ipi inunuliwe kwanza, ipi iachwe

Wenye Mini, MG Midget na Morris Minor wanajua injini yao inabanwa wapi: juu, kwenye hedi, yaani kifuniko cha silinda chenye valvu. Injini hiyo, A-series, ilianza na Austin A30 mwaka 1951 ikiwa na cc 803, ikaendelea kutengenezwa hadi mwaka 2000, na hedi yake ya kawaida haikuacha kuwa na matundu matano, mawili ya kuingizia hewa na matatu ya kutolea moshi. Silinda nne zinagombania matundu mawili. Mfuatano wa kuwaka ni 1-3-4-2, kwa hiyo silinda ya 2 ikimaliza kuvuta, ya 1 inaanza papo hapo kwenye tundu lile lile na kuidokolea mwenzake sehemu ya hewa. Baada ya hapo tundu linakaa bure mzunguko mzima wa krankshafti (shafti kuu inayozungushwa na pistoni). Kabureta inavumilia fujo hiyo. Injekta (kinyunyizio cha mafuta) haivumilii, ndiyo maana wanaotaka mfumo wa kisasa wa mafuta huishia kutafuta hedi ya mtu mwingine.

Nimezipanga hapa kwa kigezo kimoja: ni kazi kiasi gani ya kuiunganisha hedi na bloki (mwili wa injini wenye silinda) imeshafanywa kabla hujatoa pesa. Idadi ya valvu na sifa za nguvu za farasi nimeziweka nyuma. Hedi yenyewe mara nyingi ndiyo kitu rahisi kuliko vyote kwenye hesabu ya mwisho. Kinachomaliza bajeti ni njia za maji zisizokutana, stadi (bolti za kufungia hedi) zisizolingana, gasketi ya kuagiza na mfumo mpya wa kuzungusha kemshafti, shafti inayofungua valvu.

1. Hedi ya alumini ya matundu matano kutoka kampuni za vipuri

Haina mvuto wa kusimulia, lakini kwa gari la barabarani naiweka juu. Inakaa kwenye stadi zile zile, roka (mikono inayobonyeza valvu) zinarudi, fimbo za kusukuma valvu zinarudi, manifoldi, kabureta na distribyuta vinarudi. Ni nyepesi kuliko ya chuma cha kusubu, na viti vyake vya valvu ni vya kuingizwa, vigumu, kwa hiyo petroli isiyo na risasi haivili. Hedi nyingi za zamani za chuma zilitegemea risasi kulinda viti vya valvu za ekzosi.

Muulize muuzaji mambo mawili. La kwanza ni ujazo wa chemba, nafasi ambamo mafuta huwaka; hedi ya injini ya cc 1275 yenye namba 12G940 ina takriban cc 21, na chemba ndogo kuliko hiyo itapandisha kompresheni (kiwango cha kubanwa kwa hewa na mafuta) hata kama hukukusudia. La pili ni ukubwa wa valvu. Kama bloki yako ni ya cc 998, valvu kubwa za ekzosi zitagonga ukingo wa silinda mpaka bloki ichongwe vifuko. Muuzaji asiyekuuliza bloki yako ni ya cc ngapi hafai kupewa pesa.

2. Kiti (seti ya vipuri) kamili yenye hedi ya pikipiki ya BMW K1100

Hii ndiyo wengi wanayoiota, na kwa sababu ya haki. Kipenyo cha silinda cha K1100 ni milimita 70.5, cha A-series ya 1275 ni 70.6. Hedi ina valvu 16, kemshafti mbili juu, kila silinda ina njia yake, hewa inaingia upande mmoja na moshi kutokea mwingine, plagi iko katikati ya chemba. K1200RS nayo ina kipenyo hicho cha 70.5. Jihadhari na hedi za pikipiki nyingine za BMW, K1 na K100RS ya valvu 16: hizo ni za milimita 67, na kwa macho tu mtu anaweza kukuuzia ukaridhika. K1200S iliyokuja baadaye ni injini nyingine kabisa.

Nasisitiza neno *kamili*. Kiti inayostahili bei yake inakuja na hedi iliyokwisha kuchomelewa na kutobolewa upya, gasketi yake, puli na belti au cheni ya taimingi, na jibu la swali moja ambalo wanunuzi wengi hawaliulizi: kemshafti ya zamani inakwenda wapi? Haiwezi kutolewa tu. Kwenye A-series ndiyo inayozungusha pampu ya oili. Kwa hiyo ama ibaki ndani bila kusukuma valvu yoyote, ama iwekwe shafti nyingine mahali pake, na njia za oili zilizokuwa zinalisha roka zizibwe au zielekezwe upya. Muuzaji akianza kujiumauma hapo, ondoka.

Halafu fikiria chini ya hedi. Krankshafti ya A-series inashikwa na beringi kuu tatu tu, na stroki yake (mwendo wa pistoni) ni ndefu, milimita 81.3. K1100 ina stroki ya 70. Hedi hiyo ilizaliwa kupumua kwenye mizunguko ambayo krankshafti ya kawaida ya Mini haiipendi, na kwenye Mini gia zinaogelea kwenye oili ile ile ya injini. Mtu anayenunua kiti hii bila kutenga pesa za krankshafti imara, pistoni na giaboksi amenunua nusu ya mradi. Ongeza kompyuta ya kuwasha na kunyunyizia mafuta, maana ramani ya distribyuta ya zamani haitafaa: plagi ikiwa katikati, moto hauhitaji kuwahishwa sana, yaani ni digrii chache kuliko ulivyozoea.

Alumini hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma cha kusubu. Usibane bei kwenye gasketi, na usiendeshe kwa maji ya bomba matupu. Weka kipoozi chenye dawa ya kuzuia kutu.

3. Hedi za matundu saba au nane zilizotengenezwa mahsusi

Hedi ya Arden ya matundu nane ndiyo yenye jina. Bado ina fimbo na roka, kwa hiyo kemshafti inabaki na kazi yake, na tatizo la kugombania hewa linaisha. Kama lengo ni mashindano ya magari ya kihistoria, hapa ndipo pa kuangalia kabla ya BMW, kwa kuwa kanuni za Appendix K za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, zinadai gari lifanane na lilivyokuwa katika kipindi chake. Hata hivyo soma kwanza fomu ya gari lako inayoonyesha vipuri vinavyoruhusiwa. Ugumu ni vipuri, na manifoldi za pande mbili zinazohitaji nafasi mbele ya injini.

4. Hedi tupu ya BMW kutoka kwa wauza vyuma

Bei inashawishi. Ni ya mtu mwenye mashine ya kuchonga au rafiki mwenye nayo. Kagua vifuniko vya kemshafti kwanza: vimechongwa pamoja na hedi hiyo hiyo, na kemshafti inazunguka moja kwa moja kwenye alumini. Kifuniko kimoja kikikosekana, au kukiwa na mikwaruzo inayoshika ukucha, hiyo ni chuma chakavu. Angalia pia nyufa kati ya viti vya valvu, na uweke rula iliyonyooka kwenye uso wake.

Nje ya A-series, wenye injini ya Rover V8 nao hutafuta hedi za wengine, na wana bahati tofauti. Injini yao ni Buick 215 ya miaka ya 1961–63 iliyohamia Uingereza, na hedi za alumini za Buick 300 ya mwaka 1964 zinakaa kwenye bloki hiyo zikiwa na valvu kubwa zaidi. Chemba zake ni kubwa, kwa hiyo kompresheni itashuka usipobadilisha pistoni au kusaga uso. Hakikisha ni za 1964: kuanzia 1965 Buick 300 ilirudi kwenye hedi za chuma.