Maandalizi ya kuhamia sekondari: nyota nne kwa waliompokea mwanangu

Mwanangu ana usonji (autism). Huduma ninayoizungumzia ni maandalizi aliyofanyiwa na shule yake mpya ya sekondari kabla muhula haujaanza. Nawapa nyota nne kati ya tano.

Kilichonifurahisha zaidi ni kumwita wakati wa likizo. Shule ikiwa tupu haina kelele, basi akaikagua kwa mwendo wake: lango, ngazi, maktaba, choo. Choo hasa! Sisi watu wazima tunahangaikia alama, kumbe mtoto anawaza atajisaidia wapi na ruhusa ataombaje. Mwalimu wa elimu maalumu hakumharakisha. Alimwacha apige picha mlango wa kila chumba, kisha wakazipanga pamoja kwenye kijitabu kwa kufuata ratiba, kila somo na rangi yake. Hisabati ni bluu, na jalada la daftari lake bluu vilevile. Shule ya msingi alizoea chumba kimoja na mwalimu yuleyule karibu siku nzima; huku sekondari, kengele ikilia anahama, na mwalimu anabadilika. Kijitabu kile kilimtuliza kuliko maneno yangu yote.

Walimtungia pia hadithi fupi za mtindo alioubuni mwalimu wa Marekani, Carol Gray, mwanzoni mwa miaka ya 1990: "Kengele ikilia, korido hujaa watu. Naweza kusubiri mlangoni mpaka wapungue." Anazijua kwa moyo.

Nyota niliyoikata ni ya ule ukurasa mmoja wa maelezo yake. Tuliuandika naye, akisema mwenyewe: kelele za ghafla zinamuumiza, maelekezo apewe moja moja, asipomtazama mtu machoni si kwamba anamdharau. Ukurasa mzuri, ukaishia kwenye faili ofisini. Mwalimu mmoja akamfokea, "Nitazame ninapoongea na wewe!" Siku hiyo alirudi nyumbani akagoma kula. Kufuatilia, naambiwa mwalimu hakuwahi kuuona. Nakala zikagawiwa upesi, nawashukuru, ila hiyo ilikuwa kazi ya kabla ya kufungua shule.

Mkipewa huduma kama hii, ichukueni bila kusita. Ulizeni tu nani hasa atawafikishia walimu ukurasa huo, pamoja na yule anayeshika kipindi mwenzake akiumwa. Kwetu hapo bado panavuja.