Kidani cha nyumbani au cha kutembea nacho?

Uingereza, wazee wengi wanaoishi peke yao huvaa kidani chenye kitufe. Mzee akianguka anabonyeza, na mhudumu wa kituo kilicho wazi saa 24 anaongea naye.

Kidani cha kawaida hutegemea kifaa kilichounganishwa na simu ya mezani. Sauti hutoka kwenye spika ya kifaa hicho, kwa hiyo aliyeanguka bafuni huenda asisikie anaulizwa nini. Hata hivyo kituo kinajua ni nyumba ipi, na kitampigia jirani au mwanawe. Betri yake hukaa miaka. Maji hayakidhuru, basi asikivue akienda kuoga, tafadhali, maana huko ndiko sakafu inakoteleza! Akitoka kwenda dukani tu, hakimsaidii.

Chenye laini ya simu ya mkononi humfuata popote penye mtandao na huonyesha alipo. Ila kinataka kuchajiwa mara kwa mara, na kwa mtu anayesahau hata dawa zake, hilo ni zito kuliko bei.

Kuna jambo jingine. Mtandao wa zamani wa simu za mezani umepangwa kuzimwa Januari 2027. Simu mpya hupita kwenye intaneti, na umeme ukikatika hunyamaza kama hazina betri ya akiba. Mwenye kidani aieleze kampuni yake ya simu kabla hajahamishiwa simu hizo mpya, na kidani kijaribiwe baada ya kuhamishwa.

Mama asiyetoka nje ningemchagulia cha nyumbani, cha kidijitali, yaani kisichotegemea mtandao huo wa zamani. Baba anayekwenda msikitini kila siku, cha pili, mradi awepo wa kukichaji.