Bisibisi ya torki: ule mlio tu ndio umeniteka

Haya, tumerudi. Bisibisi ya torki hii hapa, ile unayoiwekea kipimo cha nguvu ya kukaza na inalia ikikifikia, inchi-paundi 10 hadi 65. Vichwa vilivyomo kwenye boksi mnavijua, tuvipite. Nataka msikie kitu kimoja.

Leo nakaza skrubu zinazoshika mtambo wa bunduki, yaani kile chuma kinachobeba mtutu, kwenye kitako chake. Bunduki haina risasi, chemba nimeikagua kwa macho na kwa kidole, boliti, kile chuma cha kufungia chemba, nimeichomoa. Naisimamisha, kitako chini, mtutu juu, ili mtambo ushuke kwa uzito wake na lile jino linalopokea teke liegemee vizuri kwenye kidato chake. Nagonga kitako chini, taratibu. Skrubu zote 2 nazishikiza kwa vidole. Sasa ya mbele, kipimo 30, polepole… sikilizeni… TA! Hapo hapo, toa mkono. Ukiongeza "kidogo tu" baada ya mlio, umeshapitiliza, kifaa umekinunulia nini? Ya nyuma, 30. Ta! Narudi mbele na 65, halafu nyuma 65, kwa sababu kitako hiki kina fremu ya alumini. Cha mbao tupu usikifikishe huko, 35 hadi 40 inatosha. Mbao inabonyea, na kesho utaikuta skrubu imelegea tena. Mtengenezaji akiwa ameandika namba yake, fuata hiyo.

Mlio umetoka ila mtambo bado unacheza? Skrubu ni ndefu, imegota mwisho wa tundu. Boliti inakwama unapoirudisha? Skrubu ya mbele imetokeza kwenye njia ya meno ya boliti. Na futeni mafuta kwenye nyuzi jamani, skrubu yenye mafuta inakaza zaidi ya namba unayoiona.

Kinachoniudhi ni hizi namba za bisibisi, ndogo kama mayai ya chawa! Ya kidijitali inasomeka, lakini bei yake inauma, na betri ikiisha umekwama. Hata hivyo… kwa macho yangu haya, ningeifikiria. Ila spana ya torki ya magari, hapana. Ile inahesabu futi-paundi, na futi-paundi 1 ni inchi-paundi 12. Utakata skrubu.

Nairudisha 10 kabla ya kuiweka, springi isichoke. Video ijayo ni pete za darubini, zile zinazoishika darubini juu ya bunduki, bonyezeni kengele. Kabla haijatoka, msizikaze kwa 65! Skrubu zile za juu nyingi ni 15 hadi 20.