Takwimu za wazi za Bodi ya Uchaguzi ya North Carolina: tumezipima kwa kaunti ya Robeson

Huduma hii ni ya bure, haidai usajili wala nywila. Bodi ya Uchaguzi ya Jimbo la North Carolina imeweka mtandaoni matokeo ya kila kituo, daftari la wapigakura na kumbukumbu za nani alijitokeza kupiga kura. Kwa mwanafunzi au mwandishi wa habari anayechunguza siasa za Kusini mwa Marekani, hii ni hazina. Waliofungua Fomu 34A za Kenya (fomu za matokeo ya kila kituo) mwaka 2022 watautambua moyo wa uwazi huu, ila hapa kila kitu kimeshapangwa kwenye safu na safuwima.

Kaunti nzuri ya kuipimia ni Robeson, makao yake makuu yakiwa Lumberton. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 116,530, na kundi kubwa zaidi ni wenyeji asilia wa kabila la Lumbee, kisha Wazungu na Weusi. Obama wa Demokrati alishinda hapa mwaka 2012 kwa takriban asilimia 58. Mwaka 2016 Trump akaichukua kwa tofauti ndogo, Mrepublican wa kwanza kushinda kura ya urais hapo tangu 1972, na mwaka 2020 akafikia karibu asilimia 59. Hata hivyo, katika miaka hiyo yote Wademokrati walioandikishwa waliendelea kuwa wengi kuliko Warepublican. Anayesoma daftari peke yake atapotoka kabisa. Kwa miongo mingi mchujo wa Demokrati ndio ulioamua nani awe sherifu au kamishna wa kaunti, kwa hiyo watu walibaki na chama kwenye karatasi hata baada ya kukihama kwenye kura ya urais.

Anza na faili la matokeo la mwaka unaoutaka, kwa mfano results_pct_20201103. Ni matini iliyotenganishwa kwa alama ya tab. Unapolifungua kwenye lahajedwali, agiza safuwima ya kituo isomwe kama maandishi. Ukiiacha isomwe kama namba, kituo 01 kitageuka 1 na hakitaoana tena na daftari. Chuja kaunti, halafu shindano, kisha angalia safuwima ya Real Precinct. Safu zenye N si vituo halisi, ni mafungu ya kuhesabia, kama kura za mapema, za posta au za muda (zinazosubiri kuhakikiwa). Hapa ndipo wengi wanapoharibu kazi: wanachora ramani ya kura za siku ya uchaguzi tu, na kura za mapema, ambazo mara nyingi ni nyingi zaidi, zinabaki nje. Kwa ramani, tumia faili la results_sort, linalotoka baadaye, ambamo kura hizo zimerudishwa kwenye vituo vya wapigakura wenyewe. Lina marekebisho madogo ya makusudi ya kulinda siri ya kura, basi usilitumie kutangaza jumla rasmi.

Daftari la Robeson ni ncvoter78. Usipakue la jimbo zima. Lina mamilioni ya safu na lahajedwali ya kawaida inakomea 1,048,576. Kabla ya kuhesabu chochote, ondoa wenye hali ya REMOVED (waliofutwa) na DENIED (waliokataliwa), la sivyo utahesabu waliofariki na waliohama. Rangi imeandikwa kwa herufi: I ni wenyeji asilia, B Weusi, W Wazungu. Ukihesabu rangi na chama kwa kila kituo, utaona mapema vituo vya Pembroke, kitovu cha Walumbee, vikitofautiana na vile vya Weusi wa Lumberton. Angalia pia hali ya INACTIVE (wapigakura ambao anwani zao hazijathibitika) kwa uangalifu: vimbunga Matthew wa 2016 na Florence wa 2018 vilifurika Lumberton na kuwahamisha watu.

Faili la ncvhis78 huunganishwa na daftari kwa ncid, namba ya utambulisho ya mpigakura. Linasema nani alipiga kura na kwa njia gani, halisemi alimchagua nani. Kwenye mchujo, chama kinachoonekana ni cha karatasi ya kura aliyoichukua, na asiye na chama anaruhusiwa kuchagua.

Faida ya uwazi huu ilionekana mwaka 2018 katika jimbo la uchaguzi la 9 la North Carolina kwa bunge la Marekani. Katika kaunti jirani ya Bladen, Warepublican walikuwa asilimia 19 tu ya waliorudisha kura za posta zilizokubaliwa, lakini mgombea wao akapata asilimia 61 ya kura hizo. Mtu yeyote mwenye faili hizi aliweza kuliona pengo hilo la kutia shaka. Bodi ilikataa kuthibitisha matokeo na uchaguzi ukarudiwa Septemba 2019.

Udhaifu upo. Maelezo ya safuwima yamewekwa kwenye mafaili mengine na mpangilio hubadilika mwaka hadi mwaka, hivyo hesabu iliyokubali kwa 2020 inaweza kukwama kwa 2008. Vilevile, ukilinganisha mashindano ya chini ya 2012 na ya sasa, kumbuka kwamba kupigia chama kizima kwa alama moja kulifutwa kuanzia 2014, na hata hapo awali hakukuhusu urais.

Daftari hubadilishwa kila wiki na la zamani hufutika mahali pake. Hifadhi nakala yenye tarehe siku unayoanza kazi; nakala za kihistoria za bodi zipo, ila ni za jimbo zima na nzito mno kwa kompyuta ndogo.