Kalamu za Pigma Micron na rangi za maji: tumchore nunda

Watazamaji wangu, karibuni. Mezani nina kalamu mbili za Pigma Micron, namba 01 na namba 05, kisanduku cha vidonge 12 vya rangi za maji za wanafunzi, brashi moja ya mviringo na karatasi nzito, ya gramu 300 kwa mita ya mraba. Nitavijaribu vyote kwa kumchora nunda, yule paka wa sultani katika ngano zetu, aliyeachwa bila kukemewa hata akageuka mla watu.

Nimemchagua nunda kwa sababu ngano yenyewe inampa mchoraji pa kuanzia: masikio madogo, mwili mpana usio mrefu, mabato mawili kama ya ngawa, na mkia mnene. Kiumbe cha kubuni huaminika pale viungo vyake vinapotoka kwa wanyama tunaowajua, kwa hiyo miguu nimeiazima kwa fisi, ya mbele mirefu kuliko ya nyuma, ili mgongo uteremke na mnyama aonekane yuko tayari kuruka.

Sasa tuje kwenye kalamu, kwa kuwa hapo ndipo kazi ya namna hii huharibikia. Kalamu nyingi za kawaida zina wino ambao rangi yake imeyeyuka majini, na brashi yenye maji ikipita juu yake huyeyuka tena. Mwaka jana nilimpoteza joka niliyemchora kwa siku mbili, kwani kalamu niliyouziwa kwa sifa ya kutochuja ilichuja, na magamba yote yakawa tope la kijivu, iliniuma sana. Wino wa Pigma, ambao kampuni ya Sakura ya Japani iliutoa mwaka 1982, una chembe ndogo mno zisizoyeyuka, zinazobaki zimeshika karatasi baada ya maji ya wino kukauka. Tazameni: mistari hii mitano niliichora robo saa iliyopita, napitisha brashi iliyolowa mara tatu, na maji yanabaki safi. Huu wa sita nimeuchora sasa hivi, na mnaona unavyotoka moshi pembeni. Wino haujakauka, basi. Subirini.

Ncha ya 01 ina upana wa milimita 0.25, nayo naitumia kwa sharubu na manyoya ya masikio. Ya 05, yenye milimita 0.45, naiweka chini ya tumbo na kwenye nyayo, mahali uzito wa mnyama unapokaa. Manyoya siyachori mwili mzima. Nayaonyesha shingoni, kwenye kiwiko na kwenye ncha ya mkia tu, kisha kwingine naiachia rangi. Ncha nyembamba za aina hii, za kampuni yoyote ile, hupinda zikikandamizwa na huliwa upesi na karatasi yenye mikwaruzo, kwa hiyo mkono uwe mwepesi. Anayependa mstari unaonenepa na kukonda ndani ya mpigo mmoja atahitaji kalamu ya kuchovya.

Rangi za wanafunzi huwa hafifu kuliko za wasanii, lakini hapa zinatosha, kwa sababu umbo limebebwa na mstari. Nyeusi sikuigusa: kivuli cha ubavuni nimekipata kwa kuchanganya buluu ya altramarini na kahawia ya siena ya kuchomwa, na kijivu chake kina uhai ambao nyeusi ya kisandukuni haina. Karatasi ndiyo msibane matumizi, maana nyembamba hujikunja mara tu inapolowa na rangi hukusanyika mabondeni.

Jicho nimeliacha mwisho. Nimetandaza manjano, nikabakiza nukta ya karatasi tupu, ndogo kuliko punje ya ulezi, na juu ya kope nikaongeza kivuli chembamba. Bila nukta ile, nunda angekuwa ngozi iliyojazwa majani.

Ushauri wangu kwa anayeanza ni kwamba anunue kwanza kalamu hizi mbili na karatasi nzito, kisha rangi za bei yoyote anayoimudu. Mabato ya huyu wangu bado yamelowa. Nitayazungushia mstari wa 05 yakishakauka kabisa, kwa kuwa kwenye rangi mbichi wino husambaa na ncha ya kalamu huziba.