Rebecca ya Daphne du Maurier: Je, Inamfaa Kijana wa Kanisani?

Bwana asifiwe, wapendwa. Karibuni tena. Leo nimeshika Rebecca, riwaya ya mapenzi na taharuki ya mwandishi Mwingereza Daphne du Maurier. Ilitoka mwaka 1938 na mpaka leo inachapwa. Wengi mnaonifuatilia ni wazazi, walimu wa shule ya Jumapili na walezi wa vijana, na swali mnaloniletea ni hili: binti yangu wa kidato cha tatu amekuja na kitabu hiki nyumbani, nimwachie asome au nikifungie kabatini? Nanyi vijana mnaotazama msiondoke, maana lipo neno lenu pia.

Natanguliza tahadhari. Swali hilo halijibiki bila kufichua siri ya kitabu. Kama wewe ni mtu mzima na unataka uhondo wake mzima mzima, simamisha video, kasome, kisha urudi. Lakini mzazi mwenye uamuzi wa kufanya leo, baki.

Kwanza kitabu chenyewe. Matoleo mengi ya jalada laini yanapita kurasa 400, na sura ni 27. Kiingereza chake ni cha kizamani kidogo, sentensi ndefu, maelezo ya maua na bahari hayaishi. Mwanzo unakwenda polepole sana. Bibi harusi anafika kwenye jumba la Manderley sura ya 7, na kijana anayesoma Kiingereza kwa tabu anaweza kukata tamaa kabla ya hapo. Yapo matoleo yaliyofupishwa kwa wanaojifunza lugha, ila maswali nitakayoyataja yamo humo pia, kwa hiyo usidhani ufupi ndio usalama. Na ukinunua cha mtumba, fungua kurasa za mwisho uhakikishe zipo. Riwaya ya taharuki isiyo na mwisho ni mateso.

Hadithi yenyewe ni hii. Msichana yatima, ambaye jina lake hatuambiwi kamwe, kitabu kizima, anafanya kazi ya kumsindikiza mama mmoja tajiri wa Kimarekani huko Monte Carlo. Anakutana na Maxim de Winter, mwanamume aliyefiwa na mke, mwenye umri wa kuweza kuwa baba yake. Wanaoana haraka haraka, anampeleka nyumbani kwake Manderley, kusini-magharibi mwa Uingereza, kando ya bahari. Huko anakuta kila kitu bado ni cha marehemu: Rebecca, mke wa kwanza, mrembo, hodari, aliyesifiwa na kila mtu. Barua zina mwandiko wake, na chumba chake kinapangwa kana kwamba atarudi jioni. Na yupo Bi Danvers, msimamizi wa nyumba, aliyempenda Rebecca kupita kiasi na hataki mwingine akae kwenye nafasi yake.

Du Maurier alianza kuandika akiwa Alexandria, Misri, mumewe akiwa huko kwa kazi ya jeshi, naye akiumwa na hamu ya kwao Cornwall. Mwenyewe alisema hiki ni kitabu kuhusu wivu. Ukikisoma kwa jicho hilo kinafunguka, maana mapenzi humo ni mlango tu, chumba chenyewe ni wivu.

Sasa twende kwenye ukaguzi ambao wazazi wengi huufanya. Matukio ya kitandani? Hakuna hata moja. Kuna busu, basi. Uzinzi unatajwa, tena ni sehemu kubwa ya siri, lakini unatajwa kwa mafumbo ya watu wa enzi hizo. Matusi? Machache na mepesi, ingawa jina la Mungu linatajwa ovyo mara kadhaa. Pombe na sigara zipo tele, na Favell, binamu wa Rebecca, analewa mbele ya watu. Uchawi au mizimu? Hapana. Rebecca amekufa na hatokei popote, hofu yote imo kichwani mwa msichana.

Kwa hiyo mzazi anayepekua kurasa akitafuta uchafu atakirudisha kitabu mezani na kusema, safi, soma mwanangu. Na hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu kitabu kinaweza kuwa safi wa maneno na bado kikafanya kazi nzito ndani ya moyo wa msomaji bila yeye kujua.

Siri ni hii. Kesho yake baada ya dansi kubwa pale Manderley, meli inakwama ufukweni. Mzamiaji anayeshuka kuikagua anakuta boti ya matanga ya Rebecca chini ya maji, na ndani ya chumba chake kuna maiti. Lakini Rebecca si alishazikwa? Maxim mwenyewe alikwenda kuutambua mwili! Ndipo katika sura ya 19 na ya 20 anamwambia mkewe ukweli: alimpiga risasi Rebecca katika kijumba cha ufukweni, akaosha damu sakafuni kwa maji ya bahari, akambeba hadi kwenye boti, akaitoboa na kuizamisha. Sababu anayoitoa ni kwamba Rebecca alikuwa mwovu, ana wanaume wengine, na usiku ule alimtania kwamba atazaa mtoto asiye wake na mtoto huyo atairithi Manderley.

Sasa msikilizeni msichana anavyopokea habari hiyo. Mumewe amemwambia ameua mtu. Na kinachomwingia moyoni kuliko vyote ni furaha, kwamba kumbe Maxim hakumpenda Rebecca kamwe! Moyo wake unakuwa mwepesi. Kuanzia ukurasa huo anakuwa jasiri, mke kamili, mshirika wa kuficha. Nasi wasomaji tunakwenda naye. Kikao cha kuchunguza kifo kinapoanza, unajikuta umeshika pumzi ukiomba Maxim asijikwae kwenye maneno yake. Wanapokwenda London kwa daktari aliyemwona Rebecca kabla hajafa, unaomba daktari aseme neno la kumwokoa. Na analisema: Rebecca alikuwa na saratani isiyotibika, na hakuwa na uwezo wa kuzaa. Basi uamuzi wa kile kikao, kwamba Rebecca alijiua, unapata sababu, na hakimu Kanali Julyan, ambaye Maxim anaamini ameshakisia ukweli, ananyamaza. Muuaji anarudi nyumbani. Nawe umefurahi!

Huo ndio ustadi wa du Maurier, na ndiyo sababu ya mimi kusema kijana wa miaka 15 asikisome peke yake. Hapo hakuna neno chafu la kumshtua na kumwamsha. Ametekwa na huruma. Na ukimuuliza, atakwambia Rebecca alistahili. Mwulize basi: nani ametuambia kwamba Rebecca alistahili? Vipo vidokezo kutoka kwa wengine, ni kweli. Bi Danvers anasema bibi yake aliwacheka wanaume wote, na Ben, kijana mwenye upungufu wa akili, alimwogopa. Lakini habari nzito tumezipata kwa mdomo wa yule yule aliyemuua, naye marehemu hana pa kujitetea. Daudi alimpangia Uria kifo vitani, akafunika, na mambo yakaonekana yamekwisha, mpaka Nathani alipoingia na kisa cha mwana-kondoo wa maskini. Rebecca ni kitabu kisicho na Nathani. Favell anamtuhumu usoni, lakini yeye anatafuta fedha; hakuna hata mhusika mmoja anayesimama mbele ya Maxim kwa ajili ya haki na kumwambia, wewe ndiwe mtu huyo. Kazi hiyo ameachiwa msomaji, na kijana mdogo mara nyingi hajui kwamba ni kazi yake.

Jambo la pili ni la wasichana hasa. Maxim anavyomchumbia huyu binti! Anamwomba amuoe wakati wa kifungua kinywa, na katika ombi hilo hilo anamwita mjinga. Hamwambii nakupenda, na binti mwenyewe anaona kasoro hiyo na kuimeza. Akitamani kuwa mwanamke mkubwa aliyevaa hariri nyeusi na shanga za lulu, anajibiwa kwamba angekuwa hivyo asingechukuliwa kwenye gari. Baadaye, wakiwa wameoana, anaambiwa kuna ujuzi ambao mume hapendi yeye awe nao. Ananyamaziwa siku nzima, kisha anapapaswa kichwa kama mbwa aliyekaa vizuri, naye anashukuru. Wadogo zangu, hapa nawasemesha ninyi: mkisoma sehemu hizo mkahisi moyo unayeyuka, simameni mjiulize kwa nini. Mwanamume anayependezwa nawe kwa sababu hujui kitu, siku utakapojua itakuwaje? Upendo ambao Paulo anawaagiza waume kule Waefeso 5 ni wa kujitoa kwa ajili ya mke. Wa Maxim unataka mke abaki mtoto.

La tatu nitalisema kwa uzito. Sura ya 18, Bi Danvers anamsimamisha msichana kwenye dirisha lililo wazi, ukungu umetanda nje, na anamnong'oneza kwamba hapendwi, hatakiwi, bora aruke. Na anakaribia kuruka. Kinachomwokoa ni mlio wa fataki za meli iliyokwama. Ni ukurasa ulioandikwa vizuri mno, na sauti ile ya kunong'ona inafanana kabisa na mawazo yanayomjia kijana aliyeelemewa. Mzazi, kama mwanao anapita kwenye kipindi kigumu, amefiwa, ameachwa, ameanza kujitenga, kitabu hiki kisubiri. Kaa naye kwanza, na mtafutie mtu wa kumsaidia.

Je, nakikataa basi? Hapana, na nawaeleza kwa nini. Maxim haendi gerezani, lakini Manderley inateketea kwa moto usiku ule ule anaorudi kutoka London. Na sura mbili za kwanza, ambazo kijana huzipita haraka kwa sababu hazina tukio, zinatuonyesha maisha yao ya baadaye: wanahamahama kwenye hoteli ndogo za nchi za watu, wanasubiri magazeti ya Uingereza yafike wasome matokeo ya kriketi, na yapo mambo wanayokwepa kuyataja yasije yakaamsha ya zamani. Hawana nyumba, na hatusikii habari ya mtoto. Wapo pamoja, wanasema wana amani, lakini ni amani ya watu wanaotembea kwa kunyata. Mithali 28:13 inasema, "Afichaye dhambi zake hatafanikiwa, bali yeye aziungamaye na kuziacha atapata rehema." Nusu ya kwanza ya mstari huo imo ndani ya riwaya hii kuliko mahubiri mengi niliyoyasikia. Nusu ya pili haimo kabisa. Maxim alikiri kwa mkewe tu, na mkewe akamfichia.

Filamu ya Alfred Hitchcock ya mwaka 1940, iliyopata Oscar ya filamu bora, ilibadilisha tukio lenyewe. Kanuni za filamu za Hollywood wakati huo hazikuruhusu muuaji aachwe bila adhabu, kwa hiyo kwenye filamu Rebecca anaanguka na kujigonga kichwa, na kosa la Maxim linabaki kuficha maiti. Mzazi akiona filamu hiyo pekee atadhani anakijua kitabu, kumbe swali lenyewe limeondolewa. Kama mna kikundi cha vijana, someni kitabu, kisha tazameni filamu, halafu waulizeni ni ipi iliyowasumbua zaidi. Wataongea wenyewe, hamtahitaji kuwachokonoa.

Uamuzi wangu. Chini ya miaka 15, bado. Miaka 15 na 16, asome pamoja na mtu mzima ambaye naye amekisoma, si aliyesoma muhtasari mtandaoni, na msimame kuzungumza mwisho wa sura ya 18 na mwisho wa sura ya 20 kabla hajaendelea. Kuanzia 17, mpe, ila mwombe akimaliza sura ya 27 arudi asome upya sura ya 2, kisha akuletee jibu lake kama Maxim aliachiwa huru au la.